Alama Nyeupe kwenye Silinda ya Tatu

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, tairi la nyuma la pikapu ya Mjomba halikuwa na upepo.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona siku ile, na yote yaliyofuata yalitoka hapo. Tairi lingekuwa zima, mimi na Mjomba tungeondoka mapema, tungeketi jukwaani pamoja na watu wengine, tungepiga makofi.

Kwa msomaji anayenikuta leo, mambo yako hivi. Mimi ni mkaguzi wa vipimo katika kiwanda cha pampu za maji. Kazi yangu ni kukataa. Kipande kikizidi kwa unene wa unywele, nakirudisha kwa aliyekichonga, na aliyekichonga hunichukia mpaka mwisho wa zamu. Mdogo wangu wa kiume anaitwa Breki mtaa mzima, kwa sababu hajawahi kuonekana akizikanyaga. Anapenda yale mashindano ya magari mawili kwenye barabara moja iliyonyooka: mita mia nne, anayetangulia ndiye, na biashara imekwisha.

Kaka yetu mkubwa aliyapenda kabla yake. Alifia ndani ya gari la mtu mmoja mwenye gereji, anayeitwa Kijiko kwa kuwa hakuna chungu kinachopikwa asichokoroga. Baadaye niliiona injini ya gari lile. Konrodi moja, yaani ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, ilikuwa imekatika na kutoboa ubavu wa bloku, mwili wenyewe wa injini. Niliingiza ngumi kwenye tundu. Ilipita. Mafuta yalikuwa yameyamwagikia matairi ya gari lenyewe, katikati ya mwendo. Kijiko alisema ni bahati mbaya.

Breki alipotangaza kwamba naye ataendesha, na kwamba Kijiko ameshamwahidi kiti, nilipiga hesabu. Kumzuia sikuweza. Kumjengea injini ambayo kila kipande chake nimekipima mwenyewe niliweza. Wiki zilizopita nimesimulia bloku ya kwanza ilivyokutwa na ufa, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilivyoletwa ya gari jingine, na Mama alivyoacha kusema nami. Leo nasimulia kosa lililokuwamo ndani ya mpango wenyewe. Mpango ulikuwa wangu.

Tuliupanga mezani kwa Mjomba, juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za machungwa. Mjomba ni mdogo wake Mama. Amefunga injini za mabasi tangu sisi hatujazaliwa, na mikono yake haitoki weusi hata siku ya kuoga mara mbili.

"Tuanze na tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa," Breki alisema kabla hajakaa.

"Tuanze na tairi," nikasema.

"Tairi? Dada Milimita, tunajenga injini. Hatufungui duka la matairi."

"Tairi lako linabeba nguvu kiasi gani kabla ya kuteleza?"

"Nyingi."

"Nyingi si kipimo."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ukimuuliza ana miaka mingapi atakwambia inatosha."

Nikawaeleza. Wanaojenga injini yao ya kwanza huanza na kile kinachopiga kelele. Mimi nilianza mwisho nikarudi nyuma: urefu wa barabara, uzito wa gari, tairi, nguvu ambayo tairi hilo linaweza kuibeba, mizunguko ya injini inayoweza kutoa nguvu hiyo. Mwisho kabisa nikafika kwenye jambo lililoniketisha pale: kwenye mizunguko hiyo, pistoni inapogeuza mwelekeo, inaivuta konrodi kwa nguvu kiasi gani, na ni nini kinachoishikilia isitoke.

Jibu ni bolti mbili. Kila konrodi ina bolti mbili, basi. Silinda nne, bolti nane. Fedha aliyotaka Breki iende kwenye tabo ilikwenda kwenye konrodi za kufuliwa kwa nyundo, pistoni za kufuliwa, na hizo bolti nane.

"Gari la mbio bila tabo," Breki alilalamika, "ni sherehe bila muziki."

"Hata msibani muziki hupigwa," Mjomba akasema, kisha akajutia ulimi wake. Kila mtu akaangalia machungwa yake.

Hapo ndipo nilipoweka sheria.

"Mtu hasemi neno juu ya injini hii mpaka awe amepima. Sitaki 'nadhani'. Sitaki 'nahisi'. Sitaki 'siku zote huwa hivi'."

"Hata Mjomba?" Breki akauliza.

"Hata Mjomba."

"Basi kuanzia leo mjomba wenu ni bubu," alisema Mjomba. "Nileteeni kengele niwe naita."

Tuligawana kazi. Mimi napima, Mjomba anafunga, Breki anaendesha. Nilipima mpaka wakanichoka. Tulibandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, tukafunga hedi, kile kifuniko cha juu chenye valvu, tukazungusha injini kwa mkono, tukafungua tena. Nikaukata ule udongo kwa wembe na kupima unene uliobaki pale valvu ilipoubonyeza, nijue valvu na pistoni zinapishana kwa umbali gani. Mjomba alisimama kando, mikono kiunoni.

"Dada yangu kule nyumbani anadhani tunachonga jeneza," alisema, "kumbe tunaoka keki."

Kulikuwa na agizo jingine, dogo hata sikulirudia. Bolti ikimalizika, ipakwe tone la rangi nyeupe kichwani, ijulikane.

"Hiyo naifanya tangu ujana wangu," Mjomba akasema.

Ni kweli, alikuwa anaifanya. Sikumuuliza anaifanya saa ngapi ya kazi.

*

Siku ya kufunga konrodi, Mama alikuja gereji.

Bloku ilikuwa juu ya stendi, imepinduliwa tumbo juu. Mjomba alikuwa amemaliza silinda ya kwanza na ya nne, kwa sababu hizo mbili huenda pamoja, akazungusha krenki ili ya pili na ya tatu nazo zije mkononi. Mimi nilikuwa meza ya nyuma napima pampu ya mafuta. Breki alikuwa akipiga msasa kitu ambacho hakikuhitaji msasa.

Mama hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na kitu kilichofungwa kwa shuka, akakiweka juu ya meza ya kazi katikati ya spana.

"Bado mnajenga?"

"Tunajenga, dada," Mjomba akajibu.

"Basi msiisahau na hii. Mwenyewe hakuichakaza."

Breki alifungua shuka. Ilikuwa helmeti ya marehemu kaka.

Mama aligeuka atoke, lakini hakuufikia mlango. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya mafuta, na gauni lake la kutokea. Mjomba aliacha alichokuwa anakifanya, akamwinua, akampeleka nyumbani. Siku ile hakurudi.

"Umeona?" Breki aliigeuzageuza helmeti kwenye mwanga. "Mama amenipa baraka."

"Mama amekupa jeneza."

"Hilo umelipima, dada?"

Alicheka. Nilimwacha, nikarudi kwenye bloku. Nilihesabu alama nyeupe. Zilikuwa nane, kila bolti na yake, safi, hata hazijakauka. Kwangu mimi alama ni mwisho wa kazi. Nilifunga pampu ya mafuta, nikafunga sampu, lile beseni la bati linalokinga mafuta chini ya injini, nikakaza bolti za sampu moja moja kwa kipimo.

Za konrodi sikuzigusa. Watu wamerudishiwa vipande na mimi kwa unene wa unywele. Nane zile nilizipitisha kwa macho.

Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Breki aliitembeza taratibu kama mpango ulivyosema, nusu ya kikomo cha mizunguko, asivuke. Sauti ilikuwa safi. Mjomba aliweka sikio juu ya boneti akasema inalala kama mtoto aliyeshiba, nikamkumbusha kwamba yeye ni bubu.

*

Basi, Jumamosi, tairi halina upepo.

Breki alikuwa ameshatangulia na gari juu ya trela. Mjomba alipiga jeki, akatoa tairi bovu, akaweka la akiba. Mimi nilishika tochi ya simu, ingawa jua lilikuwa kali, kwa sababu nimezoea kushika kitu.

Aliingiza nati ya kwanza kwa vidole. Akatoa kichupa cha rangi mfukoni, akaitia tone jeupe. Nati ya pili, tone. Ya tatu, tone. Zote zilipokuwa na alama ndipo alipoinama kuchukua spana.

"Mjomba. Mbona unapaka kabla ya kukaza?"

"Ndiko kupaka kwenyewe."

"Alama inasema nini?"

"Inasema nimeiweka. Basi lina nati nyingi, mama. Usipopaka utaacha tundu tupu, abiria wakufuate nyumbani. Ukishapaka zote, unarudi unakaza kwa mpigo."

"Na ukishakaza unapaka nini?"

"Nikishakaza nimekaza. Si najua mwenyewe?"

Nilizima tochi.

"Siku ile Mama alipokuja. Silinda ya pili na ya tatu. Ulikuwa umekaza?"

Spana ilibaki mkononi mwake bila kufanya kazi. Bolti za konrodi hukazwa mara mbili: mkazo wa kwanza wa kuzikalisha, kisha mkazo wa mwisho kwa spana ya kipimo, ile inayolia *tak* ikifika.

"Ya pili nilikuwa nimeipa mkazo wa kwanza," alisema polepole. "Ya tatu... ya tatu niliweka. Nilipaka. Ndipo dada akaingia."

"Hukurudi."

"Nilirudi kesho yake. Nikakuta umeshafunga sampu." Alinitazama usoni. "Nikasema, Milimita amemaliza. Nani anamkagua mkaguzi?"

Nilimpigia Breki. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikawa vilevile.

Tuliondoka. Tulipofika nje ya mtaa Mjomba alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akazikaza nati za tairi alizokuwa amezipaka na kuzisahau. Kisha akaingia tena, akashika usukani.

"Haya," alisema. "Umejionea."

*

Magari yalikuwa kwenye foleni, yamezimwa, yanasukumwa mbele kila jozi moja ikiondoka. Breki alikuwa ameegemea mlango wa gari letu. Helmeti ilikuwa juu ya paa, ameing'arisha na kuichora mstari mweupe. Pembeni yake alisimama Kijiko, kijiti cha meno mdomoni.

"Mkaguzi mkuu amefika!" Kijiko aliniamkia. "Leo tutapimwa mpaka nyayo."

Nilimpita. "Breki, toa gari kwenye foleni."

"Na wewe habari za asubuhi."

"Bolti za konrodi. Silinda ya pili na ya tatu. Huenda hazikukazwa mwisho."

"Huenda?"

"Mjomba alipaka kabla ya kukaza. Mimi nikafunga nikidhani..."

Aliinua kidole. Alikuwa anatabasamu, lakini upande mmoja tu wa mdomo.

"Nikidhani? Dada Milimita? Nikidhani?"

"Nisikilize."

"Umepima?"

"Hapana."

"Mjomba amepima?"

Mjomba aliangalia viatu vyake.

"Mtu hasemi neno juu ya injini hii mpaka awe amepima," Breki alisema. "Nani alisema? Mezani, juu ya machungwa. Nimeitembeza injini hiyo wiki nzima na nyingine juu yake, inalia vizuri kuliko wewe."

"Uliitembeza chini ya nusu. Hapa unakwenda mpaka kikomo. Huko ndiko bolti huvutwa. Fungua sampu nipime."

"Hiyo ni saa nzima. Mbele yangu yamebaki magari matatu."

"Kaka aliondoka kwa konrodi."

"Usimtaje kaka hapa." Tabasamu liliondoka. "Mama amekutuma."

"Mama hasemi nami. Unajua."

"Sasa ataanza."

Kijiko alitoa kijiti mdomoni, akakitazama kama mtu anayesoma. "Msigombane watu wa tumbo moja. Kijana, kama hili lako lina homa, langu liko pale, liko tayari. Dereva wangu kaamka anaharisha, hawezi kukaa kwenye kiti chochote isipokuwa kimoja."

Watu wa karibu walicheka. Sentensi ile niliisikia yote, lakini sikuipa uzito wowote. Nilikuwa na jambo moja kichwani.

Spana ya bolti ya kumwagia mafuta ilikuwa mfukoni mwangu. Nililala chali, nikaingia chini ya gari, nikaifungua. Mafuta yalitoka yote kwa mkupuo, meusi, ya moto kidogo, yakanilowesha mkono mpaka kwapani na kutambaa chini ya magari ya nyuma.

Filimbi ililia. Mkaguzi wa uwanja alikuwa mama mnene mwenye koti la machungwa na sauti ya kuita ng'ombe.

"Nani huyo anamwaga? Gari linalovuja haliingii barabarani! Toa!"

"Halivuji!" Breki alipiga kelele. "Huyu amelifungua!"

"Mimi naona mafuta chini. Nani kafungua mtajuana nyumbani kwenu. Sukuma toa! Na nyie leteni mchanga!"

Tulilisukuma nje ya foleni, Breki upande mmoja, mimi upande mwingine, Mjomba nyuma. Tulilisimamisha kwenye uwazi nyuma ya mabanda.

"Ngoja nipime," nikamwambia. "Nikikosea nitakupigia magoti mbele ya watu."

"Ukikosea, nimekosa mbio. Ukipatia, nimekosa mbio. Mimi napata nini hapo, dada?"

Alichukua helmeti juu ya paa, akaiweka kwapani, akaondoka kuelekea mabandani. Nilichukulia kwamba anakwenda kunawa mikono. Hilo nalo sikulipima.

*

Tulipandisha gari juu ya mbao. Mjomba alifungua sampu pamoja nami, akaipokea ikiwa bado inachuruzika, akaiweka kando kwa adabu kama sahani ya mgeni. Juu ya vichwa vyetu kipaza sauti kilikuwa kinatangaza jozi baada ya jozi, na kila mara ardhi ilitetemeka kidogo, kisha watu wakashangilia.

Niliweka spana ya kipimo kwenye silinda ya kwanza. *Tak*. Bolti ya pili yake, *tak*. Silinda ya nne, *tak*, *tak*. Hazikusogea hata kidogo.

"Unaona?" Mjomba alisema kutoka mbele ya gari. Sauti yake ilikuwa imepata damu. "Mkono huu haujawahi..."

"Zungusha krenki, Mjomba."

Alizungusha. Ya pili na ya tatu zikashuka mbele ya uso wangu, kila moja na alama zake mbili nyeupe.

Ya pili: spana ilisogea. Iliendelea kusogea karibu robo ya duara, ndipo ikalia. Mjomba aliusikia ule ukimya kabla ya mlio.

Ya tatu: niliweka spana chini. Haikuhitajika. Bolti ya upande wa kushoto niliishika kwa vidole viwili, ikazunguka. Niliendelea kuizungusha mpaka ikatoka yote na kuniangukia kiganjani. Pale kifuniko cha konrodi kinapokutana na mwili wake palikuwa pameanza kung'aa, chuma kikisugua chuma. Alama nyeupe ilikuwa bado kichwani mwa bolti, nzima, safi, haina mkwaruzo.

Nilipatia. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo nililolifikiria, na kwa sekunde moja lilinipendeza.

Nilitoka chini ya gari.

"Breki! Njoo uone!"

Breki hakuwapo. Mjomba alikuwa amesimama, mgongo kwangu, akiangalia upande wa barabara. Spana ya krenki ilikuwa chini.

"Alipita hapa ulipokuwa kwenye ya pili," alisema. "Aliniuliza inasemaje. Nikamwambia haikukazwa."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Mwambie Dada amepatia.' Nikadhani anakwenda kutuletea maji."

Kipaza sauti kilikohoa.

"Njia ya kulia, bingwa wa mwezi uliopita, mnamjua, msimpigie makofi atavimba kichwa! Njia ya kushoto, gari la Kijiko, na leo lina dereva mpya. Damu ileile, mguu uleule. Mdogo wake marehemu... Breki!"

Jukwaa lilipasuka kwa kelele.

Nilikimbia. Mjomba alibaki nyuma, magoti yake si ya kukimbia. Nilifika kwenye uzio wa waya nikiwa nimeifumbata ile bolti, mafuta yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Magari mawili yalikuwa kwenye mstari, yananguruma. Dirishani kwa lile la kushoto niliiona helmeti yenye mstari mweupe. Nililiita jina lake halisi, ambalo hakuna anayelitumia isipokuwa Mama. Hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu.

Kijiko alikuwa pale pale kwenye uzio, kijiti mdomoni, uso umejaa furaha ya mtu ambaye mambo yamemnyookea bila kutoa jasho.

Nilimvuta shati, nikamsemesha sikioni.

"Konrodi za injini ile nani alikaza?"

"Eh?"

"Konrodi! Nani alikaza?"

"Mafundi!"

"Nani alikagua?"

"Dada, tulia! Ile injini ni chuma cha kweli!" Alikuwa anapiga kelele ili nimsikie, na wala hakuwa akificha kitu, alikuwa akijisifu. "Unaijua wewe! Bloku ni ileile ya marehemu! Chuma kizuri hakitupwi! Tuliliziba tundu, tukachomelea, ukipitisha kidole huwezi kujua!"

Nilimwachia shati.

Mkaguzi wa uwanja alishusha mkono. Taa za njano ziliwaka, moja chini ya nyingine, kisha ya kijani.

Gari la kushoto liliondoka la kwanza.